Maoni ya Chura Yamehifadhiwa

Zamani za juzi tu, Kicheche alitaka kujenga kando ya bwawa ghala la kutunzia kila neno la wanyama. Maneno mengi yakirundikana hupata joto, kwa hiyo yangepozwa kwa maji ya bwawa hilo. Akaitisha baraza la wakazi.

"Bwawa ndiyo nyumba yangu. Sikubali!" Chura alifoka.

"Ahsante, mzee wangu. Maoni yako tumeyapokea," Kicheche akajibu.

Chura akarudi kwake kifua mbele. Ghala likajengwa, bwawa likakauka. Akaenda kugonga mlango.

"Maoni yangu mliyatupa wapi?"

"Tuyatupe? Yamo humu, mzee wangu, neno kwa neno. Tena uliyasema kwa hasira, yanachemka kuliko yote. Bwawa zima limeishia kuyapoza."

Chura akaduwaa mlangoni, asijue adai maji yake au aombe maoni yake yafutwe.