Mafaili Yakae Wapi

Kisanduku kilijitokeza kwenye kioo cha kompyuta kikauliza: Mafaili yahifadhiwe wapi? Mchora ramani akainuka, akafunga mlango kwa ufunguo, ndipo akarudi kujibu.

Jibu alikuwa nalo tangu siku mkurugenzi wa idara ya maji alipomwagiza akusanye ramani zote za mabomba ya mji katika hifadhidata moja. "Ziwe mahali pamoja," mkurugenzi alisema. Hakusema kwa nani.

Kompyuta kuu, yenye programu ya hifadhidata, ilikuwa chumba cha pili, kwa mhandisi wa mabomba. Na mhandisi huyo alikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe. Mwaka jana shemeji alisimama mbele ya wakubwa akawaonyesha ramani ambayo mchora ramani ndiye aliyeitolea jasho. Jina la shemeji lilikaa pembeni kwa wino mzito. La mwenye kazi halikuwepo hata la dawa. Tangu hapo hawasalimiani. Kwenye shughuli za ukweni kila mmoja hushika pembe yake, wakiombana chumvi kupitia watoto.

"Mwombe radhi yaishe," mkewe humwambia.

"Nimwombe radhi mimi niliyeibiwa?"

"Wewe ndiye uliyemwita kupe mbele ya mama."

Kabla ya kujaza kisanduku, akampigia simu fundi aliyewauzia programu.

"Niko kwenye meza yangu," alinong'ona. "Programu iko kwa shemeji, lakini mafaili nataka yakae kwangu, kwenye diski D. Asipate hata harufu yake."

"Kuiagiza unaweza hata ukiwa hapo, mzee. Lakini hiyo D utakayoiandika..."

"D ninayo, tena ina nafasi tele. Ahsante, fundi." Akakata.

Akaandika: D, Ramani. Programu ikakubali bila ubishi. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa, ukimeza bomba la sokoni, bomba la hospitali, matangi ya mlimani, kazi ya ujana wake wote. Ulipofika mwisho, akazima kompyuta, akaifunika kitambaa kama mtoto aliyelala, akafunga chumba na kuutia ufunguo mfuko wa shati.

Kwenye korido akakutana uso kwa uso na shemeji. Moyo ulikuwa mweupe kwa ushindi, mdomo ukamponyoka.

"Habari za kazi, shemeji?"

Shemeji akageuka kumtazama, faili kifuani. "Nzuri," alijibu, lakini mchora ramani alikwisha shuka ngazi, akipiga mluzi.

Jioni hiyo alikula mpaka akalegeza mkanda. Watoto waligombana, hakuwakemea. Aliombwa asogeze kabati, akalisogeza. Alikuwa amejinyoosha kwenye kochi mkewe alipotoka chumbani, simu mkononi, machozi yakimlengalenga.

"Kuna nini?" akauliza, akiketi vizuri.

"Dada huyo. Analia, hata maneno hayatoki sawasawa." Mkewe akamkalia karibu, akamshika mkono kama siku za uchumba. "Anasema hakujua una moyo mkubwa hivyo. Amefungua D ya ile kompyuta kuu yake, amezikuta ramani zako zote, mpaka za mlimani, na radhi yako ameipokea."