Uji wa Bi Rehani

Jikoni kwa Mwanakombo hakukuwa na mwiko, kisu wala sufuria. Serikali ilikuwa imevikusanya vyote, na sasa kila nyumba ililishwa na jiko lililompima mtu mwili kabla ya kumpikia.

Mama yake, Bi Rehani, alikuwa na miaka themanini na sita, na ilikuwa siku ya tatu hajatia kitu mdomoni. Alitaka uji wa mchele wenye tui na chumvi.

"Samahani," jiko likajibu. "Bibi haruhusiwi mafuta wala chumvi."

"Unamtunzia nani uzee huo?" Mwanakombo akafoka. "Anakufa njaa mbele yako!"

Jiko likatoa tena supu ileile isiyo na ladha. Akaimwaga uani, akaenda kwa jirani yake Mashavu, aliyeficha sufuria na mbuzi ya kukunia nazi uvunguni mwa kitanda, akaviazima. Akakuna kwa hasira hadi vidole vikachubuka, akapika kwa kuni. Mama akanywa vikombe viwili, akalala akitabasamu.

Kesho yake maofisa wawili wakaja kuchukua vyombo.

"Nani katuchongea?" Mwanakombo aliuliza.

"Hakuna, dada," ofisa mmoja akajibu. "Jiko lilimuuliza bibi amelalaje, naye akalisifia uji."

Mwanakombo akakosa wa kumtukana. Asubuhi iliyofuata jiko likasema kwa upole, "Shikamoo, bibi." Bi Rehani, mtu wa adabu zake, akafungua mdomo aitikie. Mwanakombo akauziba kwa kiganja, akakaza mkono, na mama akamtazama kwa woga.