Fisi Aliyelia Kama Kanga

Haya, sogeeni. Alikuwepo fisi dume, hana mke wala jirani. Siku moja akamkuta kifaranga wa kanga, yatima. Akaachama amle, mtoto akamwingia chini ya kidevu, akalala. Basi fisi akalea.

Mtoto akakua, akicheka kama fisi. Alipowakimbilia kanga wenziwe akicheka, walitimka wote.

“Baba, mbona wananikimbia?”

“Unacheka kama mimi, mwanangu. Njoo nikufundishe kulia kama wao.”

Fisi mzima akashinda porini akilia kekeke, kekeke!

“Mzee, utataga lini?” njiwa wakamtania.

Mtoto akauweza mlio. Kanga wakaja, wakampokea, akaenda nao.

Mpaka leo fisi yule akifika kichakani hulia kekeke, halafu husimama, akasikiliza.