Maji Yalipogeuka

Salha alikuwa amesawazisha ua wake wenye mteremko ili mumewe apitishe kiti chake cha magurudumu. Sasa mvua ya kwanza ilimwagika, na huko chini Bi Tatu, jirani yake, aliikinga nyumba yake ya udongo kwa mifuko ya mchanga, akihofia kwamba ua ule mpya ungemshushia maji yote.

"Salha, ukuta wangu ukianguka, nalala kitandani kwako!"

"Karibu, Bi Tatu, ila mume wangu anakoroma!" alijibu Salha.

Maji mekundu yalifika ukingoni mwa ua, yakasita, kisha yakaufuata mfereji wa kokoto ambao Salha aliuchimba, akaupima mwinamo kwa bomba la mpira lililojaa maji. Yakaizunguka nyumba ya Bi Tatu bila kuigusa.

Salha alisahau kufunga mdomo.

Bi Tatu alivua kandambili, akaingiza mguu mferejini polepole, kama anayepima maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.