Mwanya wa Zuena

Ganzi ilikuwa bado haijamtoka mdomoni Zuena alipolikagua jino lake kwenye pamba. Lilikuwa jeupe, na tundu lake jeusi halikuzidi mbegu ya ufuta.

"Si ulisema wataliziba, shemeji?" alimuuliza Kombo, mdogo wa mumewe, aliyekuja naye kliniki kumtafsiria, maana lugha ya nchi ile ilikuwa bado inampiga chenga.

Kombo aliinamisha macho. "Sisi wageni kadi ya serikali inatulipia kung'oa tu. Kuziba unajilipia. Na mlipaji angekuwa mimi."

"Daktari aliniuliza kitu. Ukamjibu wewe."

"Aliuliza unachagua lipi."

Zuena alikumbuka alivyoitikia kwa kichwa, akimtabasamia daktari, akidhani anakubali kuzibwa. Akapitisha ulimi pale mbele. Tangu usichana wake watu waliusifia mwanya ule, na mumewe, aliyebaki nyumbani, kila akipiga simu ya video humtaka acheke kwanza ndipo waongee. Sasa palikuwa na pengo, na jino moja la mwanya limebaki mjane.

"Lingekusumbua tu," Kombo alisema. "Nimekusaidia."

Simu ikaita mkobani. Kombo akanyoosha mkono. "Lete, nitamweleza mimi."

"Umeshanisemea vya kutosha," Zuena alisema, akapokea huku amefumba mdomo.

"Haya, cheka nikuone," sauti ya mumewe ilisema.

Zuena aliigeuza simu polepole, mpaka kioo kikamtazama Kombo usoni.