Mara Elfu Moja Mia Tatu na Sita

"Usiguse kitu," afisa wa hakimiliki alisema, na mwenye kibanda akainua mikono yote miwili kama beki aliyemwangusha mtu ndani ya kumi na nane.

Mtaa mzima ulimwita Memori. Kazi yake ilikuwa kushusha nyimbo mtandaoni na kuwajazia watu kwenye simu. Kibanda chenyewe kilitosha kompyuta moja, stuli mbili na feni isiyogeuza shingo. Siku hiyo kilibeba pia afisa, na mlangoni akasimama dada yake Memori, mwimbaji, mtoto mgongoni.

"Dada," Memori alisema. "Umeniletea serikali?"

"Usiniite dada. Dada haibiwi."

Walinyonya ziwa moja, ndiyo maana ilimuuma. Angeibiwa na mtu baki, angelia siku mbili akanyamaza. Lakini huyu ni yeye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Huyu, siku ya kurekodi, alimshikia mkoba na kupiga makofi peke yake nje ya kioo mpaka fundi mitambo akamwomba atulie.

Ushahidi aliuokota mitaani kwa miezi minne. Aliusikia wimbo wake kwa mshona nguo. Mshonaji alipomwona tu, akabonyeza simu, ukaja mwingine. Aliusikia kwa fundi pikipiki. Naye aliukata kabla ya kiitikio, mikono imejaa grisi hivyo hivyo. Saluni, kabla hata hajavuka kizingiti, alimsikia msusi akisema, "Mh, huu nao!" na kuuruka.

Aibu ya mwizi, mwimbaji aliwaza. Wanajua wamekula cha mtu.

Na kila aliyemuuliza simu yake ilijazwa wapi, jibu lilikuwa moja: kwa Memori.

Kule mtandaoni, kwenye ukurasa wake halali, wimbo ulikuwa umesikilizwa mara arobaini na moja, na nane kati ya hizo ni yeye mwenyewe. "Nani atahangaika kuufuata huko," alimwambia afisa siku alipopeleka malalamiko, "ilhali mdogo wangu anaugawa kama maji ya mvua?"

Si kwamba hakumkanya. Mwezi uliopita walibishana uani kwa mama yao hadi mama akatoka na mwiko.

"Nyimbo za watu si kuni za kuokota njiani," mwimbaji alisema.

"Sasa nisipowawekea mimi, watausikia wapi?"

"Wautafute! Anayeutaka atautafuta. Nimeuimba nina mimba ya miezi minane, nimesimama studio miguu imevimba kama maboga. We umetunga nini?"

Mama yao akasema, kama hawana kazi, vyombo vipo.

Sasa afisa alikuwa ameketi kwenye stuli, akiivuta kompyuta karibu. Alikuwa mtu mzima, mpole, wa kusoma kila kitu mara mbili. Programu ya kunakili ilikuwa na hesabu ya kila wimbo.

"Huu hapa. Umenakiliwa mara elfu moja mia tatu na sita," alisema. "Humu ndani hakuna mwingine unaoukaribia."

Mwimbaji alishika mwimo wa mlango. Hasira ilimpanda, na nyuma ya hasira kikaja kitu kingine ambacho hakukitarajia, kitamu, nusura acheke. Elfu moja mia tatu! Huo si mtaa mmoja.

"Watu wote hao," alisema. "Watu wote hao, na mimi sijui. Umenisaliti, mdogo wangu."

Memori alitazama sakafu.

Afisa akavuta madaftari. Wateja waliandika humo wenyewe, kila mtu na ukurasa wake, nyimbo anazozitaka. Wakaacha simu asubuhi, wakazichukua jioni. Alifunua daftari la kwanza. Akafunua la pili, la tatu. Akarudi kwenye la kwanza, akavua miwani.

"Mbona humu sioni..."

"Afisa," Memori alimkata upesi, "nakiri. Niliugawa bila ruhusa. Sina utetezi. Lete karatasi nitie sahihi."

"Ukikiri, kibanda kinafungwa leo. Na vifaa vyote tunaondoka navyo."

"Nimesikia."

"Una familia?"

"Mke, na watoto wawili. Nimesikia, afisa."

Mwimbaji alikuwa amejiandaa kwa mabishano. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na sasa hakuwa na wa kumtupia. Akatia sahihi ya mlalamikaji huku mtoto akimvuta hereni. Memori akatia yake chini, bila kusoma.

"Ungeniomba tu," mwimbaji alisema. "Damu yangu wewe. Ungeniomba, ningekukatalia?"

"Najua, dada."

Akatoka ameinua kichwa. Walimsikia akipita nyuma ya kibanda, akiongea na mtoto wake: "Elfu moja mia tatu na sita, umesikia? Wanampenda mama yako."

Afisa alingoja hadi sauti ikapotea. Kisha akaweka kidole juu ya madaftari.

"Kurasa zote hizi, na hakuna hata mmoja aliyeuandika."

"Hakuna," Memori alisema, akianza kuchomoa nyaya. "Niliuchomeka mwenyewe kila simu, mwisho wa orodha, bila kuwaambia. Lakini nakuomba, afisa, hilo usiliandike kwenye ripoti. Nakala atapewa yeye."