Punje Shavuni

Moto ulikuwa umekwisha kuwashwa nje ya kitalu, ukiisubiri ngano ya Daktari Nasieku. Alikuwa ameihariri vinasaba kwa mikono yake, akanyofoa kile kipande kinachoukaribisha ugonjwa wa kutu. Eneo zima mashamba yalikuwa mekundu kwa kutu hiyo na wakulima wameshika tama, lakini ngano yake ilisimama safi. Hata hivyo kibali cha kuipanda mashambani kilikataliwa. Amri ilisema iteketezwe, isibaki hata punje.

Akaivuna mwenyewe, mkaguzi akimsimamia. Kisha, kwa mazoea ya mtoto wa mkulima, akafikicha suke kiganjani na kutupia punje mdomoni, aone kama imekomaa. Alipogutuka, ilikuwa imeshatulia shavuni, ngumu kama kokoto.

"Daktari," mkaguzi akasema ngano yote ilipokwisha kutupwa motoni, "niapie kwamba hakijabaki kitu."

Akiitafuna, imekwisha. Akiitema, italiwa na moto.

Mkaguzi alilitazama lile shavu kwa muda mrefu. Halafu akaviinamia viatu vyake, vyekundu kwa vumbi la kutu ya shamba lake mwenyewe.

Nasieku akafumbua mdomo aseme.

"Fumba, mwanangu," mkaguzi akasema, akigeukia moto. "Moshi utakupalia."